Mlango Uliopelekwa Kupuliziwa Dawa

Ipo dola moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga bali kwa adabu, kwa maana dola yenyewe ina haya na haipendi kusifiwa mbele za watu. Fahari yake kuu ni Sheria ya Hodi. Waasisi wake waliingia nchini humo wakikimbia mapanga, watoto mgongoni na vyungu kichwani, na walipopata mahali pa kuvitua vyungu hivyo waliapa kwamba hakuna atakayefukuzwa kama walivyofukuzwa wao. Wakaandika hivi: mtu yeyote anayekimbia kifo, akafika kwenye mlango wa mpaka akabisha hodi, na mtumishi yeyote wa dola akamwitikia "karibu", mtu huyo ni mgeni. Hatasukumwa wala kurudishwa mpaka jaji amsikilize, naye awe ameketi kitini na amepewa maji ya kunywa.

Maneno hayo yalichongwa kwenye jiwe jeusi, penye daraja la mto Kiyowe. Watoto wa shule waliyakariri kila asubuhi. Mabalozi wa nchi za mbali waliletwa kupigwa picha kando ya jiwe. Walifuta machozi, kisha wakapelekwa kula.

Ndipo ikaja homa.

Sikudhani binti Mfaume alikuwa amezisikia habari za jiwe hilo tangu utotoni, ng'ambo ya pili ya mto, katika nchi ya jirani alikozaliwa. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake na za watoto wadogo, kazi aliyoirithi kwa mama yake, wala hakuna aliyewahi kuigombania. Homa ilifika kwao pia, tena mapema zaidi. Ila Kiongozi wa kwao aliitangaza kuwa haipo. Kwa kuwa watu waliendelea kufa, na kwa kuwa serikali haikutaka wafe bila sababu, tamko lilitolewa kwamba kila anayekufa amekufa kwa uzee. Sikudhani akaosha wanawake waliokufa kwa uzee wakiwa na mimba. Akaosha mabinti waliozeeka kabla ya kuolewa. Alinyamaza, maana mwosha hutunza siri za maiti. Lakini siku moja aliletewa mtoto wa chekechea, sare ya shule ingali mwilini, na baba wa mtoto akamweleza kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema kwamba mwanawe alikuwa ameshakula chumvi nyingi.

Sikudhani alitoka nje mikono ikichuruzika maji, akawaambia waombolezaji, "Mtoto huyu ameuawa na homa. Msimbusu."

Kabla tanga halijaanuliwa, askari walikuwa wameshaivunja nyumba yake. Dada yake, aliyewafungulia mlango, hakuonekana tena. Mwenye gari la kuni aliyemkuta Sikudhani njiani akirejea nyumbani alimwambia neno moja tu, bila kumtazama: "Wewe ndiye wanayemtafuta." Basi Sikudhani akaelekea mtoni, kwenye jiwe.

*

Alilikuta jiwe. Mlango hakuuona.

Palikuwa na nguzo mbili zilizosimama peke yake kama meno ya kizee, na baina yake utepe mwekundu wenye picha ya fuvu. Juu ya daraja, katikati kabisa, walikaa watu wengi na mabulungutu yao. Mbele yao walisimama walinzi wa dola tukufu. Nyuma yao, mwisho wa daraja, askari wa kwao, ambao Sikudhani aliwapita amejifunika kanga usoni, walikuwa wakivuta sigara na kungoja yeyote atakayechoka akarudi.

Sikudhani akamwendea mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa akishona kiraka cha suruali.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mzee akakata uzi kwa meno. "Naitwa Kitwana. Karibu yangu haina nguvu ya kisheria, lakini ipokee hivyo hivyo. Hapa haipatikani nyingine."

"Mlango uko wapi, babu?"

"Umepelekwa makao makuu kupuliziwa dawa."

"Utarudi lini?"

"Ukipona."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, kicheko cha watu waliousikia mzaha huo mara nyingi na hawana mwingine. Kisha Mzee Kitwana akamweleza mambo yalivyo. Mlango hakuna, lakini unaweza kubisha hewani. Walinzi wakisikia hodi hawajibu "karibu", hujibu "Umesikika! Rudi nyuma!", na kusikika, kwa mujibu wa wanasheria wa serikali, si kukaribishwa.

Alasiri hiyo alifika Waziri wa Ukarimu na Karantini, Profesa Lwitiko Mang'ara. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa ili zisipingane. Waziri hakushuka garini wala hakuteremsha kioo. Sauti yake ilitokea kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa, ikawa kama gari lenyewe ndilo linalohutubia.

"Ndugu wakimbizi watarajiwa," gari likasema, "kuna wapotoshaji wanaoeneza uvumi kwamba dola yetu imewanyima haki. Nawahakikishia kwamba Sheria ya Hodi haijafutwa, haijasitishwa, wala haijapunguzwa nukta. Haki ya kubisha iko palepale; kilichoondolewa ni mlango tu. Na katika kipindi hiki cha dharura haki zenu zote tumezihifadhi mahali salama mno, hata sisi wenyewe hatuzifikii."

Walinzi wakapiga makofi. Walikuwa wamevaa glovu za mpira, kwa hiyo makofi yalisikika kama kuku anayejikung'uta vumbi.

"Aidha," gari likaendelea, "wataalamu wetu wamebaini kwamba neno 'karibu' hutoka na mate mengi kuliko maneno mengine ya lugha yetu. Kuanzia leo ni marufuku mtumishi wa dola kulitamka katika eneo la mpaka. Atakayelitamka atahesabiwa ameeneza homa kwa kinywa."

Wakati huohuo malori ya saruji yalikuwa yakipita daraja, moja baada ya jingine, madereva wakipungiwa mkono. Yakafuata mabasi mawili ya wageni wa harusi ya mpwa wa Waziri, wakiimba.

"Mheshimiwa!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Na hao je?"

"Hakuna ushahidi wa kitaalamu," gari likajibu, "kwamba homa hupanda saruji. Harusi bado inachunguzwa."

Mzee Kitwana akarudia kiraka chake. "Laiti mama yangu angenizaa mfuko wa saruji," alisema. "Leo ningekuwa nimeshaingia, na labda nimeshakuwa ofisi."

*

Mkuu wa lango aliitwa Bwana Shomvi Mlekwa, mtu wa makamo, mwenye kola iliyonyooshwa na uso uliokunjamana. Alikuwa mtumishi mwaminifu. "Umesikika! Rudi nyuma!" yake ilikuwa kali kuliko ya wote, na hakuna aliyejua kwamba kila alipoitamka alikunja vidole vya miguu ndani ya buti. Alilelewa na bibi yake, mwanamke wa kale aliyekuwa akimtandika kwa mwiko kila alipoiacha hodi ya mtu ianguke chini bila kuitikiwa. Serikali ilikuwa imempa Bwana Shomvi mafunzo mengi. Bibi alikuwa amemwahi.

Mvua ilinyesha asubuhi moja, ikazima kila moto darajani. Adhuhuri ilipotulia, Sikudhani alichukua kigae akaenda hadi kwenye hema la walinzi kuomba kaa la moto. Hakuwa na fikra ya sheria wala ya jiwe. Alitaka kuchemsha uji. Ndani ya hema Bwana Shomvi na wenzake walikuwa wamelizunguka sinia, barakoa zimeshushwa kidevuni, mazungumzo yamekolea, samaki amekolea zaidi.

Sikudhani akasimama nje ya turubai, akainamisha kichwa kama alivyozoea kwenye nyumba za misiba.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu mama, karibu," akasema Bwana Shomvi, mdomo umejaa ugali. "Karibu, tunakula."

Matonge yakakwama hewani. Mmoja wa walinzi, Koplo Nyangasi, alikuwa ameshafungua kinywa, akakiacha wazi. Bwana Shomvi akajiziba mdomo kwa mkono wenye mchuzi.

"Sijasema," alisema kati ya vidole.

"Umesema, afande," akajibu koplo. "Tena mara tatu. Hata samaki amekusikia."

Sikudhani alisimama na kigae chake. Polepole, kama mtu anayeingiwa na joto baada ya baridi kali, akaelewa alichopewa.

"Mimi nilikuja kuomba kaa la moto tu, baba," alisema.

"Mama, umeniua."

"Na mimi nikirudi kule nitauawa, baba. Basi tusameheane."

Akaketi pale pale kwenye matope, mbele ya hema, kwa kuwa mgeni aliyekaribishwa haondoki kabla ya kuagana na wenyeji.

*

Dola nzima ikatikisika. Magazeti yaliandika kwamba mpaka umetobolewa kwa neno. Ikaundwa tume, na tume ikaunda kamati, na kamati ikamwita Daktari Mkuu wa Dola, ambaye baada ya kumpima Bwana Shomvi kwa kumtazama kwenye picha alitoa taarifa: kukaribisha mtu bila kukusudia ni dalili ya homa iliyopanda kichwani. Mgonjwa huanza kwa kukaribisha, hufuatia kwa kuweweseka, na mwisho hugawa vitu vyake. Kwa hiyo "karibu" ya Bwana Shomvi ilikuwa ya mgonjwa, na neno la mgonjwa halina nguvu mahakamani.

Palikosekana jambo moja dogo. Sheria ilitaka ushahidi wa mtu aliyemwona mgonjwa akiwa katika hali hiyo. Walinzi waliulizwa, kila mmoja akaapa kwamba wakati huo alikuwa akimtazama samaki. Akabaki Sikudhani.

Walikuwa wamemweka katika hema la karantini lililozungushiwa nailoni. Waziri mwenyewe alimjia, akasimama upande wa pili wa nailoni, uso wake ukionekana kama wa mtu aliyezama.

"Mama Sikudhani, nasikia wewe ni mwosha maiti."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Waoshaji wetu wamekimbia. Dola inakuhitaji. Utapata kibali, chumba chenye dirisha, na barakoa za kutosha."

"Na mimi nitoe nini?"

"Neno tu. Utamwambia jaji kwamba ulipofika hemani Shomvi alikuwa anatetemeka, macho mekundu, haelewi asemalo. Wewe wagonjwa unawajua. Utaaminika."

"Na wale wa darajani?"

"Wale hawakukaribishwa na mzima wala mgonjwa." Waziri akakohoa kidogo, akashtuka, akatazama huku na huku. "Vumbi," alieleza.

Sikudhani aliinamisha macho. Chumba chenye dirisha alikiona kabisa, na kitanda, na mlango wenye komeo la ndani. Aliona pia kwamba karibu ikishaandikwa mahakamani kuwa ni ugonjwa, basi hakuna mtu wa nchi ile atakayemkaribisha mkimbizi tena akiwa na akili zake, na jiwe la waasisi litafaa kunolea visu.

"Mheshimiwa," alisema, "kwetu nilitakiwa kusema kwamba mgonjwa si mgonjwa. Nikakataa, nikampoteza dada yangu. Hapa natakiwa kusema kwamba mzima si mzima. Huu mto niliuvukia nini?"

"Fikiri, mama. Usiniletee mashairi."

"Sina mashairi. Nina dada."

*

Kesi ilisikilizwa uwanjani, kando ya jiwe, ili mabalozi waone. Sheria ilifuatwa neno kwa neno. Sikudhani alipewa kiti. Alipewa maji pia, bilauri iliyojaa pomoni. Ila amri ya afya ilikataza mshitaki, mshitakiwa au shahidi kushusha barakoa, basi akaishika bilauri mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, na karani akaandika kwamba maji yametolewa.

Jaji Mbelwa alikuwa mtu wa sauti tamu. Alimtaka shahidi aieleze mahakama hali ya Bwana Shomvi siku ile. Waziri alikaa mbele, mikono magotini. Bwana Shomvi alisimama ndani ya duara la chokaa, kola yake ikiwa bado imenyooka.

Sikudhani alimtazama. Kiu ilikuwa imemkausha koo.

"Alikuwa mzima," alisema. "Hakutetemeka. Macho yake yalikuwa meupe. Alikuwa anakula kwa hamu, na mwenye homa hana hamu ya chakula. Kilichomfanya anikaribishe si maradhi. Ni malezi."

Bwana Shomvi akafumba macho. Kutoka darajani vikalipuka vigelegele, na Mzee Kitwana akasikika akipaza sauti: "Andika hilo, karani! Andika na nukta yake!"

Jaji akagonga meza, akatamka bila kusita kwamba karibu iliyotamkwa na mtumishi mzima wa dola ni karibu halali, na kwamba binti Mfaume ni mgeni. Mabalozi walifuta machozi. Bwana Shomvi, kwa kosa la kukutwa na afya njema, alipelekwa kwenye semina ya kuondolewa adabu, na akaondoka huku akimwomba radhi kila aliyemkanyaga.

"Sasa, mgeni wetu," jaji akasema, "tueleze unakimbia nini."

Sikudhani akaeleza. Akamtaja mtoto mwenye sare, na dada aliyefungua mlango, na askari wanaongoja mwisho wa daraja. Jaji alitikisa kichwa kwa huzuni inayofaa, akafunua jalada, akasoma hukumu iliyokwisha kuchapwa.

"Mahakama hii inatambua kwamba mgeni ni amana. Swali ni je, ni halali mwenye nyumba kumlaza mgeni katika chumba chenye maradhi? Hasha. Nchi yetu, tunakiri kwa masikitiko, ina homa. Nchi ya jirani, kwa tamko rasmi lenye muhuri, ambalo mahakama haiwezi kulitilia shaka bila kuharibu ujirani mwema, haina homa. Hivyo basi, ili kulinda afya yake, mgeni arejeshwe kwao mara moja, kwa heshima zote."

"Wataniua," alisema Sikudhani.

"Hilo mahakama imelizingatia," jaji akajibu kwa upole. "Lakini hutauawa na homa."

*

Heshima zilikuwa kubwa. Bendi ilipiga matarumbeta kutoka mbali. Walinzi wanne waliovaa mavazi ya mpira kuanzia utosini hadi nyayoni walimzunguka bila kumgusa, wakimwelekeza kwa mafimbo marefu, na hivyo ndivyo alivyoingizwa tena darajani. Kule mwisho wa pili askari wa kwao wakatupa sigara zao. Kamanda wao alimtambua, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Watu wa darajani walisimama. Hawakuwa na silaha, hawakuwa na mlango, na wanne wale walikuwa na bunduki mgongoni. Sikudhani aliwapita wa kwanza, akawapita wa pili. Mwanamke mmoja alimshika ncha ya kanga, fimbo ikamwondoa.

Mzee Kitwana alikuwa amekaa mahali pake. Alimtazama Sikudhani, akawatazama walinzi, akainua kichwa akakohoa.

Walinzi wakasimama.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Jirani yake akamtupia jicho, akaelewa, naye akaanza. Yule mwanamke wa kanga akafuata, kisha wanaume waliokuwa ukingoni, kisha vikongwe, kisha daraja zima, kila mtu na kikohozi chake, kikavu na cha mafua, cha kubweka na cha kukoroma, hata bendi ikazimwa na kelele. Walinzi wanne walitazamana kupitia vioo vyao. Fimbo ya kwanza ikaanguka, ya pili ikafuata, na mpira ukasikika ukisuguana kwa mbio hadi nyuma ya nguzo mbili.

Upande wa pili kamanda alikuwa katika mashaka makubwa zaidi, kwa kuwa hakuruhusiwa kuogopa ugonjwa ambao haupo. Askari wake walikuwa wameshaanza kurudi nyuma mmoja mmoja.

"Kuna nini?" akafoka.

"Upepo, afande," akajibu mmoja, pua imefichwa kwenye kola. Hakukuwa na jani lililotikisika.

"Upepo ni mkali," kamanda akakubali. "Rudini! Rudini hadi kilimani!"

Basi daraja likabaki na watu wake, na Sikudhani akabaki katikati yao, hakuingia, hakurudishwa. Akaketi. Watu walimzunguka, wakampiga mabegani, wakicheka hadi machozi. "Umeona mpira unavyokimbia?" "Eti upepo!" Mmoja baada ya mwingine waliacha kukohoa, wakasafisha koo, wakajifuta nyuso, na kicheko nacho kikaanza kutulia.

Sikudhani aliinua kichwa. Kikohozi cha namna ile alikuwa amekisikia kwenye nyumba nyingi, nyuma ya pazia, kabla hajapelekewa ujumbe wa kuja na sanda. Akageuka. Mzee Kitwana alikuwa amejishika kifua kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akimwashiria asimkaribie.

Wengine wote walikuwa wameshanyamaza. Yeye bado alikuwa anakohoa.